Mashine Inarusha Mafuta

4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Natumaini barua hii inakukuta umelala ukaamka, umekula ukashiba, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Mimi huku sijambo. Goti tu ndilo linanisumbua, nalo nimelizoea kama jirani mwenye maneno mengi.

Kufua shuka za zahanati naendelea, asubuhi. Mchana nikitoka navua aproni ya maji navaa ya vumbi, naingia uani kwenye kuni. Kuni zako, bado nasema zako. Ulisema, "Mama, nishikie mpaka nirudi," basi nimeshika. Mpini wa shoka nimebadilisha mwenyewe. Toroli nimelitia upepo. Zile kuni ulizopasua kabla hujaondoka zimekauka mpaka zikigongana zinalia kama vyombo, na wateja wanazipenda.

Ila ile mashine yako, msumeno wa mnyororo, ina neno. Inakata upande. Naanza gogo sawasawa kama ulivyonionyesha, ikifika nusu inakwenda kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta. Vipande vinatoka mshazari, nikivisimamisha nivipasue vinaanguka. Redio, jirani yetu yule asiyezimika, alikuja kunisaidia kuviringisha magogo akasema labda mashine imerogwa. Nikamwambia mashine haina adui, mwenye adui ni wewe kwa huo mdomo.

Niandikie nifanye nini. Usipige kwenye simu ya fundi wa mashine. Simu ikishasema imesema, inakufa. Barua naisoma, naikunja, kesho naisoma tena.

Umekula lakini?

Ni mimi Mama yako

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ghalani inaendelea. Natumaini nawe mzima.

Mama, mashine haijarogwa. Ni mkono wako wa kulia. Unaponoa, meno ya upande mmoja unayakalia vizuri, ya upande wa pili unayanoa kwa kujipinda, yanabaki butu. Meno makali yanavuta mashine upande wao. Fanya hivi: funga ule ulimi wa chuma unaobeba mnyororo katikati ya magogo mawili usicheze. Ile tupa ya kunolea isukume mbele tu, usiirudishe nyuma kama unayesugua sufuria. Kila jino lipewe msuguo sawa na mwenzake. Ukimaliza upande mmoja, usijipinde, zunguka wewe ukae upande wa pili. Halafu angalia inachotema: ikitema unga, bado ni butu, ikitema chenga, imekubali.

Petroli usisahau kuchanganya na oili. Ile ya dumu jekundu ndiyo iliyochanganywa, ya dumu jeupe bado.

Usikate jua likiwa kali. Na usikate peke yako.

Mwanao, Kitinda

28 Machi

Mwanangu Kitinda,

Vipi hali yako? Mimi sijambo, na leo nina furaha kidogo. Nilizunguka nikakaa upande wa pili kama ulivyosema. Nilijiona mjinga, mtu mzima nazunguka gogo na kijitupa, lakini mashine imenyooka! Inatema chenga, zinanirukia mpaka shingoni. Redio akauliza mganga ni nani. Nikasema ni mwanangu, anaganga kwa posta.

Mwoka mikate ameweka jiko la gesi. Alikuja kuaga, kama anahama vile. Alisimama pale langoni akaniambia, "Mama, si ubaya." Nikasema najua si ubaya. Alikuwa akija kila Jumamosi na mkokoteni, tunagombana juu ya kuni nene na nyembamba mpaka tunachoka. Sasa Jumamosi nafagia vumbi la mbao, nikimaliza nalifagia tena.

Mashine haina swali. Nataka habari zako. Hicho chumba unacholala kina dirisha? Mnalala wangapi? Nani anakupikia? Viatu vya kazi walikupa au bado unavaa vile ulivyoondoka navyo? Niambie hata kidogo.

Mama yako

13 Mei

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu ilifika. Pale posta wamenizoea, karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani, na mimi najifanya nilikuwa napita.

Sijambo. Mvua imekuja vibaya, nimezifunika kuni kwa turubai, na mawe juu yake. Jana mtoto wa watu alipita barabarani anakohoa kama wewe, nikatoka mpaka langoni na kijiko mkononi. Si wewe, bila shaka.

Mwambie hata mtu mwingine aniandikie kama mkono unauma. Mstari mmoja unatosha.

Mama yako

10 Juni

Mwanangu Kitinda,

Salamu. Natumaini u mzima. Mashine imeharibika. Inarusha mafuta. Nikiiwasha tu, mnyororo unatema mafuta mbele, gauni la kazi lina madoa, hata ukuta wa choo una madoa. Naogopa. Nifanye nini? Kuni zimesimama zinangoja jibu lako.

Mama yako

18 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako nimeipata leo na leo leo najibu.

Mama, mashine inayorusha mafuta ndiyo mashine nzima! Ule mnyororo unakunywa mafuta ili usiungue, na ukishakunywa lazima uteme. Usiporusha ndipo tulie. Hukumbuki? Siku ya kwanza kukufundisha nilitandika gunia jeupe chini, nikakuambia elekeza mashine pale uone. Ikachora mstari wa mafuta. Ukacheka ukasema mashine inajua kuandika kuliko wewe. Sasa umesahau, au unanipima?

Jambo la pili. Nimefikiria sana. Ungeiuza. Nimeongea na fundi, ana mtu anayeitaka, anaweza kuja kuitazama wakati wowote. Umri wako si wa kubeba mashine, na mwaka huu sitaweza kuja, wala sijui mwakani. Uiuze, upumzike.

Mwanao, Kitinda

2 Julai

Mwanangu,

Sijambo, wewe je?

Sijasahau. Nilikuuliza unalala wapi, barua mbili ukanyamaza. Nikaandika mashine inarusha mafuta, jibu likaja sijamaliza hata gogo nililokuwa nalo. Basi na mimi nikajua mlango wa kupiga hodi ni upi.

Yule mtu wa fundi alikuja. Mtu mwenye adabu, viatu safi, alisimama mbali na vumbi. Akaniuliza, "Mama, inawaka lakini?" Nikaivuta kamba, ikawaka mvuto wa kwanza. Sikuipenda ilivyomfurahia. Nikaizima. Nikamwambia mwenyewe hajarudi, siwezi kuuza kitu cha mtu. Akasema mwenyewe ndiye aliyemtuma. Nikamwambia, basi mwenyewe aje auze kwa mikono yake.

Umeniambia nipumzike. Nipumzike wapi, baba? Kwenye kiti kipi ambacho sijakikalia? Kuni zikiondoka, nani atabisha hapa? Kuna mama muuza chai, anakuja anasema ana haraka, na bado anakaa. Kuna yule bibi wa mtaa wa nyuma anayechukua mzigo wa kwapani. Yule hana haja ya kuni, anapikiwa na wakwe zake. Haja yake ni kukaa kwenye gogo aseme maneno mawili na mtu asiyemkatiza. Hata mimi ninayo haja hiyo, ila huwa namwacha aseme yeye.

Siuzi. Usinikasirikie.

Mama yako

26 Agosti

Mwanangu Kitinda,

Natumaini kikohozi kimepona. Kaa chini ndipo usome.

Mashine imekufa, na safari hii ni kweli.

Upepo uliangusha tawi juu ya bati la Redio. Mimi nilikuwa zahanati kwenye shuka, akaja akamkuta bibi wa mtaa wa nyuma anakaa kwenye gogo lake, akamwambia anaazima mashine. Mafuta yakamwishia katikati ya tawi. Akajaza ya dumu jeupe, yasiyochanganywa na oili. Nilipomuuliza kwa nini, anasema, "Mama, mafuta si mafuta?" Ikalia kwa sauti nyembamba, anasema kama mbuzi, halafu ikanyamaza. Kamba haivutiki hata ukiweka mguu.

Fundi aliifungua. Akanionyesha pistoni, imechubuka mistari mistari kama imeparuliwa na paka. Akasema kuitengeneza ni kazi ya kununua nyingine. Akaniuliza kama nataka vyuma. Nikasema nipe. Nimevifunga kwenye kanga, viko chini ya kitanda. Usiniulize kwa nini.

Redio alikuja asubuhi hana sauti. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio kimya! Nikamhurumia, lakini si sana. Nikapanda kwenye dari nikashusha ule msumeno mrefu wa marehemu baba yako, wenye mpini huku na huku. Nikausugua kutu, nikaupaka mafuta, nikamwambia shika kule. Kila Jumamosi anakuja tunavuta. Mwanzo alikuwa anasukuma, msumeno unajikunja, tunapigana nao. Nikamfundisha alivyonifundisha baba yako: kazi yako ni kuvuta, zamu yako ikiisha legeza mkono, uache mwenzako avute, usimsukumie. Sasa angalau tunakwenda. Polepole. Gogo tulilokuwa tunalimaliza kwa kuvuta pumzi sasa linakula mchana mzima, na wateja wawili wamekwenda kwingine.

Kwa hiyo sina swali la mashine. Hakuna mashine. Nimekaa na karatasi hii tangu saa za alasiri, najiuliza kama barua isiyo na mashine itajibiwa. Nikasema niandike tu, karatasi haina hasara.

Uko vipi, mwanangu? Ndilo swali langu. Sina lingine.

Mama yako

9 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Kila barua huwa naanza kwa kusema mimi ni mzima. Leo nimeandika hivyo nikafuta. Utaona palivyochafuka hapo juu.

Mama, mimi si mzima. Ghala lilifungwa tangu Aprili. Tulifika asubuhi tukakuta kufuli na mlinzi tusiyemjua. Chumba nilikiacha, mwenye nyumba alivumilia kodi mpaka akashindwa. Nalala kwenye banda nyuma ya duka, mwenye duka amenihurumia, mchana nambebea magunia. Barua zako ananihifadhia yeye tangu mwanzo, ndiyo maana anwani haikubadilika. Dirisha hakuna. Viatu ni vile vile. Kikohozi hakikuondoka, kinanipata zaidi alfajiri.

Uliponiuliza nalala wapi niliisoma barua yako mara nyingi, nikaiweka. Ningekuandikia nini? Lakini ulipouliza habari za mashine, Mama, nilijisikia mtu. Ile nilikuwa naijua. Nikikaa kukueleza jino na tupa, nasahau niliko. Ulipoandika inarusha mafuta nilicheka peke yangu bandani mpaka mwenye duka akachungulia. Nikajua unanidanganya, nikafurahi kudanganywa.

Nilikuambia uuze kwa sababu niliona haya. Nilijua mashine ikiwa pale utaendelea kuningoja, na mimi sikuwa na uso wa kurudi nao. Niliondoka nikisema narudi na mashine ya pili. Sasa hata ya kwanza hakuna.

Usimgombeze Redio. Mwambie hata mimi siku ya kwanza niliuliza hivyo hivyo, kama mafuta si mafuta.

Sijui nifanye nini. Wewe ungefanya nini?

Mwanao

17 Septemba

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama posta, karani akanipa kiti chake.

Kitanda chako nimekitandika. Shuka nimezianika juani. Redio nimemwambia, akalia, halafu akaanza kuongea na hajanyamaza mpaka sasa ninavyoandika, yupo hapa dirishani anasema nikuambie hiki na kile. Sikuambii.

Hapa hakuna anayekungoja uje na mashine. Nakungoja mimi tu. Uso wowote ulio nao ndio huo huo niliouzaa, uje nao.

Umuage mwenye duka vizuri, umwambie mama yako anamshukuru. Funika kifua njiani. Ukae upande usio na upepo.

Usiijibu barua hii. Njoo.

Mama yako