Kufuli Lililopakwa Mafuta

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Badi,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati? Kile kifua kimekuacha? Sisi hatujambo, ila joto linatutoa roho, na mimi usingizi umenipaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu hapa kila mtu huishika.

Muhula huu nafundisha riwaya za kigothi. Zilizuka Uingereza yapata miaka mia mbili na sitini iliyopita, wakati wasomi wakijigamba kuwa akili imeshayafukuza mashetani. Jina lilitokana na majumba ya kale ya mawe ambamo visa vyake hutokea. Utakuta nyumba iliyochakaa, chumba kisichofunguliwa, mfu asiyetulia, na jamaa mwenye sauti ya upole. Nilisoma nikicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana ni kama naisoma nyumba yetu.

Unajua tangu nyanya afariki, Ami Mansur anasema chumba chake kina jini. Kila Alhamisi hufukiza ubani mlangoni, na watoto hawakanyagi ukumbi ule. Sasa anataka tuuze nyumba upesi, kwa bei yoyote, kabla jini halijamdhuru mtu. Mnunuzi keshampata yeye mwenyewe!

Lakini katika riwaya hizo, Badi, mzuka mara nyingi hulinda urithi wa watu. Mwishoni hutokea karatasi ya zamani, na mwizi akajulikana. Nikaikumbuka hati ya wakfu ambayo nyanya alituambia ameiandika, nyumba isiuzwe, ikae na kizazi chake. Ami alisema haikupatikana.

Ijumaa, Ami alipokwenda kuswali, nilikwenda hadi mlangoni. Bawaba zina kutu, utando wa buibui umetanda darini, lakini kufuli limepakwa mafuta. Hata hayajakauka, yalinichafua vidole. Anayeogopa jini hapaki kufuli mafuta.

Ninachoogopa, wallahi, si jini. Ufunguo wa kufuli lile ni mmoja, na nyanya alikukabidhi wewe. Nawe mwezi uliopita uliniambia nisimsumbue Ami, nitie saini tu karatasi za mauzo.

Nakupenda, ndiyo maana nakuuliza wewe kabla sijaenda kwa kadhi. Usinijibu kwa maneno. Tia ufunguo kwenye bahasha, kama bado uko mkononi mwako.

Nisalimie mkeo Zuleikha na watoto. Mungu akuhifadhi, akuepushe na haramu.

Dada yako akupendaye hata anapokushuku,
Wardah