Tini za Ernestine, Katika Bakuli la Bluu

Ting, ting. Brashi ikigonga mdomo wa glasi ya maji, jikoni, kabla hakujapambazuka. Mwaka umetimia, Mama, tangu sauti hiyo inyamaze, na bado tunaamka saa ile ile tukisikiliza.

Ulichora kwa rangi za maji, na ulichora vya mezani tu: bamia, kaa, kikombe kilichokatika mkono. Pwani yote hii ya Mississippi watu wana picha zako sebuleni. Uliziuza, ukawapa maharusi, ukawapa wafiwa, mpaka nyumbani ikabaki moja: tini katika bakuli la bluu, uliyoichora kabla sijazaliwa.

Mama mdogo Ozella hakuacha kukutania. "Dada, tini nyekundu namna hii umezichuma mti gani?"

"Mti wa hasira zangu, Ozella. Kula unyamaze."

Kila jioni ulinilelea binti yangu Lucinda ili niende darasani. Nikirudi nawakuta mmesinzia kiti kimoja, mtoto ana rangi puani.

Picha ile uliitundika kwenye ujia wa bafuni, kusiko na dirisha. Tulidhani ni unyenyekevu. Siku ya mazishi, majirani walipojaa na sahani zao za kuku na mikate ya mahindi, Mjomba Alphonse akaihamishia sebuleni, mkabala wa dirisha. "Leo dada yangu hakai uchochoroni!" Tukampigia makofi. Hakuna aliyeirudisha. Jua la kwetu unalijua.

Majira ya joto yalipokwisha, wekundu ulikuwa umeondoka, kimebaki kijani ulichotangulia kupaka chini yake. Tukaipeleka kwa fundi wa fremu, mjini Mobile. Aliitazama, akavua miwani. "Nyekundu hii haivumilii jua. Ikishakwenda hairudi. Kilichobaki nacho kitafifia. Ifungieni gizani, au itazameni mpaka iishe."

"Si unaongeza rangi kidogo tu?" Mjomba akauliza.

"Kwa mkono wa nani, mzee wangu?"

Mjomba alishika kofia yake, asijue aiweke wapi.

Ozella anataka ifungiwe kabatini. Alphonse anasema hatakuzika mara mbili. Tumeifunika shuka, tumeifunua, tumeifunika tena. Tufanyeje, Mama? Ungekuwepo ungetucheka kwanza, kisha ungetuambia. Sasa kila mmoja anamtazama mwenzake.

Hutatutoka moyoni hata siku moja. Tunakukumbuka: mdogo wako Ozella, kaka yako Alphonse, mkweo Dewitt, mimi binti yako Verlene, na mjukuu wako Lucinda, ambaye asubuhi ya leo, sisi tukibishana, alipanda kiti, akaivuta shuka, akazitazama tini zako kwa makini, akatugeukia wote:

"Bado hazijaiva."