Wati Sita Zilizozidi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua ukisimama sana goti lako linakununia. Linaendeleaje? Ulisema daktari amekupa zoezi la kuvuta mguu kwa taulo. Unalifanya, au taulo limesharudi bafuni? Na dada, mke wako, kile kikohozi kimemwachia? Mapacha bado wanagombania kitanda cha juu?

Sisi hapa hatujambo. Mama yenu anakula vizuri, analala vizuri, na bado anabishana na mtangazaji wa redio kama vile yule mtu anamsikia. Macho yake tu ndiyo yanazidi kupungua. Mimi mwili ni mzima, hakuna panaponiuma. Lakini kukaa siwezi. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike mdogo wako, mume wangu, na bado nikikaa dakika tano naona kama kuna kitu nimekisahau jikoni. Nakwenda, hakuna kitu. Leo nimefagia ua mara mbili, na haukuwa mchafu hata mara ya kwanza. Tangu niandike neno "Mpendwa" hapo juu nimeshainuka mara mbili.

Ninamkumbuka kwa vitu vidogo. Unakumbuka alivyokuwa akipuliza kila kitu kabla hajakitia mdomoni? Hata maji ya baridi. Miaka yote ile ya kupuliza moshi wa kulehemu ilimwachia tabia hiyo. Juzi nimejikuta na mimi napuliza glasi ya maji, nikacheka peke yangu hadi Mama akauliza kuna mgeni gani.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu kabla sijainuka tena. Kuna jambo nimelifanya kuhusu kazi ya mdogo wako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Unajua zahanati yetu haina umeme wa nguzo, inategemea sola. Mwaka huu walitaka kuachana na madaftari, wagonjwa waandikwe kwenye mashine. Muuguzi mkuu akamwomba mdogo wako awapimie: kwa umeme ule mdogo, wanunue laptop tatu au simu tatu? Akaifanya kazi hiyo hapa nyumbani, kwenye meza hii ninayoandikia, kwa ile mita ya umeme uliyomtumia wewe. Alitumia laptop yake, kwa kuwa ni ya aina ileile waliyotaka kununua, na simu ya mfano aliyopewa na zahanati. Yeye anasoma mita, mimi nashika saa na kuandika namba.

Shule yangu unaijua ilikuwa fupi, lakini alinieleza nikaelewa. Kila mashine ina ubongo wake, ndio mafundi wanauita prosesa. Ubongo wa laptop, alisema, ni mbeba mizigo wa sokoni: anabeba gunia zima kwa safari moja, lakini hata siku isiyo na mzigo anataka sahani yake ijae. Ubongo wa simu ni mshona vifungo: kazi ndogondogo, chakula kidogo. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Wewe ni mita. Unaona kila ninachokula."

Tukapata kwamba laptop, mtu akiandika tu, inakula wati kumi na tano. Simu, moja na nusu. Akazidisha kwa kutwa ya saa nane, kwa mashine tatu, akalinganisha na umeme unaobaki zahanati baada ya friji ya chanjo kupata wake. Laptop hazikuenea. Zingekula umeme wote uliobaki, kisha zingeanza kula wa friji. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa: LAPTOP ZISINUNULIWE. Akatia sahihi, akapeleka. Wiki mbili baadaye moyo wake ukasimama, na karatasi ile ikawa kazi yake ya mwisho.

Wiki tatu zilizopita muuguzi mkuu alikuja hapa na dada wa mapokezi. Huyo dada amekuwa akijaribu ile simu ya mfano, na hawaelewani. Vidole vyake vimeshiba, vitufe vya kwenye kioo ni vidogo. Mtoto mchanga wa kilo tatu na nusu alimwandika thelathini na tano, na dawa ilikuwa karibu kupimwa kwa uzito huo.

"Nilimwuliza," akasema muuguzi mkuu, "huyu wa kilo thelathini na tano bado ananyonya, au ameshaanza kunyoa ndevu?"

Dada wa mapokezi hakucheka. "Mimi siku hiyo sikula," akasema. "Mpaka leo nikimwona yule mama njiani nabadilisha upande."

Wakaniuliza kama kwenye daftari la marehemu kuna njia yoyote ya kupata laptop hata moja bila kuigusa friji. Wao walitaka jibu kabla agizo halijaondoka. Nikasema nitaangalia.

Nikaenda karakana kwa Bisibisi, yule fundi mwenzake mwembamba mwenye maneno mengi. Sasa karakana anaiendesha peke yake. Nilibeba daftari, mita, laptop na ile simu ya mfano. Tukarudia vipimo vyote, yeye akisoma, mimi nikishika saa. Tulianza na kazi nzito, ile ripoti ya mwezi inayokusanya wagonjwa wote. Laptop ilivuta wati thelathini na mbili, feni ikalia kama nyuki ndani ya kopo, lakini kwa dakika nne ikamaliza. Simu ilivuta tano tu. Ilianza kwa mbio, kisha ikapata joto, ikaanza kujikokota, ikamaliza kwa dakika ishirini na nne. Ukizidisha, zimekula karibu sawasawa. Bisibisi akasema, "Umeona? Mmoja kala harakaharaka, mwingine kadonoa mchana kutwa, sufuria ni moja."

Kisha tukapima kuandika kwa kawaida. Simu ikaleta moja na nusu, kama kwenye daftari. Laptop ikaleta tisa.

Tisa, Shemeji, badala ya kumi na tano.

Tukazima, tukawasha. Tisa. Bisibisi akaigeuza mita yako juu chini. "Shem, hii kitu imezeeka. Vya kuletewa kwenye kifurushi ndivyo vilivyo." Nikamwambia asiitukane mita ya watu. Tukachomeka taa ya wati kumi, ikasoma kumi. Taa ya wati tano, ikasoma tano. Mita yako haina kosa, nataka ulijue hilo.

Usiku ule nilivirudisha vitu vyote nyumbani. Jumatatu asubuhi, Mama akiwa kwenye redio yake, nikaiweka laptop mezani hapa, mahali palepale. Nikavuta kiti changu. Nikachomeka mita. Tisa. Nikafungua daftari, nikaandika maneno yoyote yaliyokuja kama tulivyofanya naye, na mkono wangu wa kushoto, bila mimi kuutuma, ukachukua simu yangu, ukauchukua waya wake, ukauchomeka ubavuni mwa laptop.

Maana ndivyo nilivyozoea kuchaji simu yangu miaka yote. Yeye akifanya kazi, mimi nakaa pembeni yake na simu yangu inanyonya kwake. Soketi ya pili ya ukutani iko nyuma ya kabati, na hakuna aliyetaka kulisogeza kabati.

Nikatazama mita. Kumi na tano.

Niliuchomoa. Tisa. Nikauchomeka. Kumi na tano. Nimefanya hivyo sijui mara ngapi, hadi Mama akauliza, "Unacheza na nini huko?"

Ile karatasi iliyosema laptop zisinunuliwe, ilikuwa imeihesabu na simu yangu. Wati sita zilikuwa zangu. Mdogo wako aliyekuwa anapima waya wa redio mara tatu kabla ya kuukata, alikaa mbele ya waya ule jioni sita, na hakuuona. Mwanzoni nilimkasirikia, nakuambia ukweli. Halafu nikaelewa kwamba hakuuona kwa sababu ulikuwa pale siku zote, kama mimi.

Siku zilizofuata sikutulia hata kidogo. Nilifua mapazia. Nilipanga vikombe, nikavipangua. Kila nikifikiri, nasikia watu wakisema fundi alikosea, fundi hakuwa makini, tena sasa hayupo ajieleze. Jina lake ndilo kitu pekee alichoacha ambacho hakihitaji kutengenezwa. Na kila nikiamua kunyamaza, namwona yule dada wa mapokezi na kidole chake, na mtoto mwingine kwenye mizani.

Alhamisi nilimwambia Bisibisi. Aliacha bisibisi yake mezani, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Shem, liache lilale," akasema. "Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Wewe na mimi. Na mimi nina mdomo mrefu lakini hili naweza kulimeza."

"Na wale wa zahanati?"

Akakuna kichwa. "Wale wataandika kwenye simu, watazoea. Watu wanazoea."

Nikamwambia hilo ndilo tatizo lenyewe, kuzoea. Akasema polepole, bila utani, kwamba kama marehemu angekuwa hai na kuligundua yeye mwenyewe, angekuwa ameshafika zahanati na viatu vya ndani. Hilo ni kweli, Shemeji. Wewe unamjua tangu mdogo.

Basi juzi Ijumaa nikaenda. Nilimkuta muuguzi mkuu chumba cha dawa, anahesabu vichupa, na dada wa mapokezi yuko mlangoni. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeweza. Nilitarajia kuona uso ukibadilika. Alichofanya ni kuchukua kalamu na kuzidisha pembeni ya boksi la dawa. Laptop tatu zinaenea, akasema, ila kwa kubanana mno. Mbili zinaenea kwa nafasi, na simu moja abaki nayo mchanjaji anayezunguka.

Dada wa mapokezi akaniuliza, "Kwa hiyo napata vitufe vya kubonyeza?"

"Unapata."

Akaniambia "Asante, mama," akageuka upesi kuangalia nje.

Muuguzi mkuu akatoa faili, akaifungua kwenye karatasi ya mdogo wako, akaisukuma mbele yangu. "Sahihisha."

Nikamwambia mimi si fundi. Amwite Bisibisi.

"Nani alishika saa?"

"Mimi."

"Nani aliandika namba?"

"Mimi."

"Nani amegundua?"

Nikaitazama ile karatasi.

"Basi andika, mama. Mimi nina foleni."

Nilimwomba nisifute kitu. Mwandiko wake uko vilevile, na zile herufi kubwa ziko vilevile. Nilipiga mstari mmoja mwembamba juu ya kumi na tano, ili isomeke, nikaandika tisa. Nilitaka kueleza sababu kwa maneno marefu, kuwaambia alikuwa makini kiasi gani, lakini nafasi ilikuwa ndogo. Nikaandika hivi tu: "Simu ya mke wake ilikuwa imechomekwa." Nikatia sahihi yangu chini ya yake.

Agizo linaondoka kesho. Karatasi itakaa kwenye faili la zahanati, na atakayeisoma miaka kumi ijayo, asiyetujua hata mmoja wetu, atajua kwamba fundi alipokuwa akipima, mke wake alikuwa amekaa karibu kiasi hicho.

Shemeji, wewe ndiye mkubwa wake, na jina nililoligusa ni lenu. Kama nimekosea, niambie bila kunionea haya, nitalipokea. Usiniachie kimya tu, maana kimya ndicho siwezi kukaa nacho.

Mama anakusalimia sana, anasema redio ya huko kwenu haiwezi kuwa mbaya kuliko ya huku. Bisibisi naye anakusalimia, na anaiomba radhi mita yako. Nisalimie dada, umwambie kikohozi asikifanyie utani. Nisalimie mapacha, mmoja mmoja, wasije wakagombania salamu. Msalimie na jirani yako mwalimu aliyetupigia simu siku ya msiba bila kutujua.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, alitulize goti lako, na akupe maneno mazuri ya kunijibu.

Ni mimi, mke wa mdogo wako, ninayekupenda na kukuheshimu daima,

Shemeji yako.