Kikohozi Kilichochekesha Ukumbi Mzima

Mtaa wa Tena,
Nairobi.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mpendwa kaka Phares,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa cherehani yangu, maana ndiyo ninayoishi nayo siku hizi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limekubali kupanda ngazi za kanisa bila kulalamika mbele ya washirika. Shemeji Akech anaendeleaje na presha? Na wale kuku wake waliokuwa wakipotea, mwizi amejulikana au bado lawama ni ya kicheche? Huku sisi tu wazima. Baridi ya Juni imeingia, na kila mzazi anataka sweta ya shule ambayo alipaswa kuiagiza Aprili.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu huipokei. Mara ya mwisho ulisema, "Huyo si mtoto wangu," ukakata. Basi nimempa barua hii jirani yangu Bwire, anayekuja huko kwa mazishi, na nimemwomba asikukabidhi mpaka akuone umeketi.

Najua kuna mtu alikuonyesha kwenye simu yake Frankline akivuta bangi bafuni na kukohoa. Ulichoona ni kipande tu, kaka. Wacha nikupe nguo nzima, ndipo uamue kama utaichana.

Filamu inaitwa Birika la Mama Zippy. Wameitengeneza vijana wa hapa mtaani, na mwelekezi ni Wachira, yule aliyekuwa akipiga picha za harusi na kukata watu vichwa. Ni habari za wavivu wawili wanaovuta bangi tangu asubuhi mpaka wanasahau kama wamekula. Siku moja wanaificha kwenye mkebe wa majani ya chai, na Mama Zippy anawapikia chai watu wa kikundi cha maombi. Mchungaji anaomba, anasahau alikuwa akiombea nini, anaanza kubariki sufuria moja moja kwa majina. Kanzu ya huyo mchungaji niliishona mimi, kwa hiyo kama ni dhambi, mimi nimo upande wa pindo. Frankline ni mmoja wa wale wavivu wawili.

Ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mtoto wako, kwa akili zake, aliwaalika wazazi wa Nyawira, mchumba wake. Aliwaambia ni filamu ya kuchekesha. Hakuwaambia watakuwa wakicheka nini.

Unajua tunatakiwa kwenda kwao kujitambulisha tarehe 28. Baba yake Nyawira, Mzee Naftaly Kimani, ana karakana ya fanicha kule Industrial Area, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Ameshaanza kumwambia Frankline kwamba randa na misumeno ile itakuwa yake siku moja. Mama Nyawira ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Mimi nilikaa katikati yao, nimebanwa kama bitana.

Walianza vizuri. Mama Nyawira hata alinigusa bega penye ile habari ya sufuria. Halafu ikafika pale bafuni. Frankline anavuta, moshi unajaa, anakohoa. Anakohoa mpaka macho yanatoka, anashika ukuta, anakohoa tena. Kaka, ukumbi ulianguka. Ndindi wa kibanda cha mboga alivua kiatu akawa anapiga nacho sakafu. Vijana wa viti vya nyuma walikohoa pamoja naye kama kwaya. Mimi niliikalia mikono yangu. Upande wangu wa kulia Mzee Kimani aliinama mbele akitega sikio.

Filamu ikaisha. Nilidhani tutatoka tukapumue, lakini sisi watu wa Nairobi hatuwezi kukusanyika bila maiki kuzunguka. Anayeendesha sherehe zote za hapa ni Maingi, harusi na mazishi, na mtu huyo ana hotuba moja tu. Alisimama akasema jamaa na marafiki watatoa maoni, tuzingatie itifaki, na tuwe wafupi kwa sababu safari ni ndefu. Hakuna aliyekuwa akisafiri.

Nuradin wa duka ndiye aliyeanza. Yeye hakuwa na neno na bangi. Alikuwa na neno na ule mkebe. "Mkebe ule ni kama ninaouza mimi," alisema. "Kesho mtu akinunua majani kwangu akacheka kidogo tu, mtasema ni Nuradin."

Msichana mmoja, Tiffany, akanyakua maiki. "Hii movie imeweza, siwezi danganya. Lakini mbona wasichana ni wa kupika chai tu? Hata sisi tunaweza kuwa wajinga!" Alipigiwa makofi na mama yake, sijui kwa lipi.

Ndindi akasema filamu kama hii inaharibu watoto, na akauliza itaonyeshwa tena lini.

Halafu wakaja wale vijana wa nyuma, ambao kuhusu jambo hili naona tuwaite wasomi. Mmoja akasema, "Frankline, hapo kwa bafu umeua, msee. Hiyo kohoo ni real!" Wenzake wakaunga mkono kwa kelele. Ndipo nilipoelewa shimo tulilomo. Kila sifa aliyopewa mtoto ilikuwa inamwondolea mke. Nilimnong'oneza mwanamke aliyekuwa mbele yangu asimame aseme Frankline ameigiza vibaya. Akanigeukia kwa mshangao: "Mama, si huyo ni wako?"

Na Maingi, Mungu amsamehe, akatangaza kwamba tuna bahati ya kuwa na wakwe. Akampelekea Mzee Kimani maiki mpaka mdomoni.

Mzee alisimama pole pole. Akasalimu. Akasema ameona kazi ya vijana, na mchungaji amemchekesha. "Mengine yote naona ni mchezo," akasema. "Lakini kile kikohozi, hapana. Mtu haigizi kikohozi vile. Nimefanya kazi na wavutaji miaka mingi, nakijua. Shangazi yake yuko hapa, namheshimu. Lakini jambo hili nitalisikia kwa baba mtu, ana kwa ana. Tarehe 28 mlango uko wazi kwa baba yake. Asipokuja, msisumbuke kuja." Akaketi. Maingi akasema asante kwa maneno ya faraja.

Nilitaka kuinuka niseme. Frankline alinitazama kutoka kule mbele na kutikisa kichwa, nikabaki nimekaa.

Sasa nisikilize, kaka. Mzee Kimani hakukosea. Kile kikohozi hakikuigizwa. Walichokuwa wakivuta ni majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi, lakini Wachira aliona moshi ni kidogo, akachoma gunia kuukuu kwenye ndoo na kufunga mlango. Nyawira alikuwa hapo amewashikia taa. Anasema Frankline alianza kukohoa na Wachira akawa anaendelea kurekodi, anamwonyesha kidole gumba, akidhani kijana amepandisha kipaji. Ni Nyawira aliyetupa taa na kuingia na dawa ya Frankline ya kupuliza, ambayo msichana huyo hutembea nayo mkobani siku zote. Hiyo sehemu waliikata. Watu walicheka mtoto wetu akikosa hewa, kaka, na mimi nilikuwa nimekaa hapo naisikia ile pumu yake, siwezi kusema kitu.

Utaniuliza kwa nini tusiseme tu. Ni kwa sababu mtoto amekataa. Anajua Mzee anataka mtu wa kumwachia karakana, na karakana ni vumbi la mbao na vanishi kuanzia mlangoni. Ameenda huko mara mbili kumsaidia na zote mbili alirudi kwangu amejikunja. Kwa Mzee alisema ana mafua. Sasa anaona ni heri afikiriwe mvutaji, maana mvutaji anaweza kuacha. Nilimwambia hiyo ni hesabu ya mtu ambaye amekosa usingizi. Nyawira naye amemwapia kutosema, na analia kwangu badala ya kulia kwao.

Silali vizuri, kaka. Nashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Nikisema mimi, nimemvunjia mtoto neno lake, na Mzee alishasema neno la shangazi halitoshi. Nikinyamaza, tarehe 28 inapita.

Ila wewe hukuapa kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimketisha wima mapajani kule kwenye nyumba za reli, mkihesabu mabehewa mpaka kifua kifunguke. Ulikuwa ukiingia kazini na shati lina jasho lake. Hakuna mwingine anayeweza kumwambia Mzee Kimani jambo hilo akaamini, na akiamini, labda atajua pia kwamba karakana ni mbao tu na mkwe ni mtu. Labda hatajua. Sikuahidi.

Bwire ana kile kipande kwenye simu yake. Muombe akuchezee sehemu ile ya bafuni, lakini usitazame. Fumba macho usikilize tu. Halafu uniambie tena kwamba huyo si mtoto wako.

Nisalimie shemeji Akech, na mama yake kama bado anakataa fimbo. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule aliyekuonyesha kipande umwambie nimemsalimia vilevile. Mungu awafunike nyote, akupe goti la kukufikisha Nairobi, na moyo wa kukupandisha kwenye gari.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Phelister

Kitanda nimekwisha kukutandikia.