Sahani Safi za Mama Mkwe

Mwenzangu, mbona hupokei simu? Haya, basi soma.

Niko kwa daktari wa wanyama. Paka wangu, Bosi, fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, hata kunyanyua kichwa hawezi.

Daktari kaniuliza anakula nini. Nikasema chakula chake cha paka tu. Akampima damu, akasema, "Hapana, huyu analishwa vitunguu. Vinaharibu damu ya paka. Nani anampa mchuzi?"

Nani anampa mchuzi!

Nikamgeukia mama mkwe, maana nimekuja naye. Anakunjakunja mtandio. Mwisho akasema, "Namwekea kidogo tu chini ya meza."

Kidogo! Si unakumbuka nilivyokuringishia? Tangu ahamie kwetu sahani yake inarudi nyeupe pee, na kila siku, "Asante mwanangu, leo umepika kweli." Kichwa kikanivimba. Yaani nikawa namwongezea!

Kumbe chakula changu hamezi. Nikishatoka kwenda kazini, anajipikia uji wake.

Nikampigia mume wangu, nalia. Unajua kasema nini? "Usimkasirikie mama, hakutaka kukuvunja moyo." Alikuwa anajua! Tena huo unga wa uji ananunua yeye!

Bosi katundikiwa dripu, daktari anasema huenda akapona. Mama mkwe kainama, kampapasa, kanong'ona huku namsikia kabisa: "Pole baba. Mimi nilijua tu kile chakula kitakuja kumdhuru mtu."