Bingwa wa Namba Arobaini

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za afya zitasubiri kidogo, kwa sababu nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama, na nisipoliandika sasa hivi sitaliandika tena. Ninamdharau Baba. Sikusema ninamchukia. Anayechukiwa angalau ametisha mtu. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi la kwetu linalala chumba cha pili.

Haya, sasa salamu. Mimi mzima, Mama mzima isipokuwa lile goti. Wewe je, na majokofu yako unayoyatengeneza huko?

Ni kuhusu ndege yetu. Ile tuliyoijenga mimi na wewe kwenye meza ya jikoni, mpaka Mama akalalamika kwamba wali una gundi. Tangu ulipohama imening'inia juu ya kitanda changu, haina injini wala sevo. Sasa Baba amejiunga na klabu ya warusha ndege za rimoti na ameishusha. Anaiita "ndege yangu". Mwezi ujao ataipaisha mbele ya klabu nzima, na ikirudi chini salama watampa uanachama kamili.

Mwenyekiti wao ni daktari wa meno. Wanamwita Kapteni, ingawa chombo pekee chenye abiria alichowahi kukipandisha na kukishusha ni kile kiti cha wagonjwa wake. Kapteni kasema mwanamume hafungi injini iliyo chini ya namba tisini kwa ukubwa, basi imekuwa sheria. Unajua Baba anauza magodoro. Kwenye magodoro kadiri linavyozidi unene ndivyo linavyozidi ubora, na yeye anadhani injini nayo ni hivyo hivyo. Lakini sevo, zile mota ndogo za kuvuta mkia na mabawa, hizo anataka za rahisi zenye meno ya plastiki. Nilimsikia akimwambia Mama, "Zinakaa ndani, nani ataziona?"

Kila jioni tukishakula ananiita nimsomee kijitabu kilichokuja na ndege, maana kimeandikwa kwa lugha ya shuleni kwetu ambayo yeye haijui. Mimi nasoma na kutafsiri, yeye anabishana nacho. Jana kilisema namba arobaini inatosha, akasema waliokiandika ni waoga.

Nikageuza ukurasa tu. Unanijua nilivyo. Darasani najibu maswali kimoyomoyo na kujipa alama mwenyewe.

Niambie injini gani na sevo gani. Akifunga hiyo tisini, ndege yetu inakufa siku ya kwanza.

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi nipo, majokofu yanaumwa, na yakiumwa mimi nakula. Mpe Mama yako pole ya goti. Baba yako msalimie, au usimsalimie, utakavyoona mwenyewe.

Injini hainunuliwi kama tikiti maji, unalipiga kofi halafu unabeba lililo kubwa. Unaanza na uzito wa ndege. Yetu ni nyepesi na bawa lake ni nene, inataka kupaa hata kabla hujaiomba. Namba arobaini, ya mapigo mawili kama ya pikipiki ndogo, biashara imekwisha. Akifunga tisini pua itainama, halafu shemeji atashindilia vyuma mkiani ili isawazike, na hapo atakuwa amejenga kabati lenye mabawa. Kwenye sevo ndipo usikubali mchezo. Ya mkia iwe na meno ya chuma. Ya plastiki yakikatika angani, unabaki umeshika rimoti kama mtu anayepiga simu iliyokatika. Sevo ya kabureta, ya kuongeza na kupunguza mafuta, kazi yake nyepesi, hiyo weka yoyote.

Shemeji nilimjua kabla hujazaliwa. Ukimpa ukweli ataukataa kwa sababu hakuutoa yeye. Ushauri wangu: mwache aiangushe mbele ya watu wazima wenzake. Mbao zipo, tutajenga nyingine. Aibu kama hiyo haiuzwi dukani.

Mjomba

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote wazima, goti limepungua.

Sikumwacha aiangushe. Ni rahisi kwako kusema mbao zipo. Wewe hujalala chini ya hiyo ndege mwaka mzima ukiitazama.

Sikiliza nilichofanya. Jumapili alinipa kijitabu tena, na kesho yake alikuwa aende kununua ile tisini. Nikafungua ukurasa wa mwisho mwisho, nikasoma: "Injini kubwa huwafaa wanaojifunza, ambao mikono yao bado haijatulia. Bingwa hutambulika kwa injini ndogo na sevo za meno ya chuma."

Hakuna maneno hayo. Ukurasa ule unaeleza namna ya kufuta mafuta kwenye bawa kwa kitambaa laini. Lakini niliyasoma bila kukwama, Mjomba, kwa sauti ambayo hata mwalimu wangu hajawahi kuisikia.

Baba akauliza polepole, "Wameandika hivyo? Bingwa?"

Nikasema wameandika. Akataka nisome tena, nikasoma tena, maneno yale yale. Kesho yake akarudi na namba arobaini, na sevo nne zote za meno ya chuma, hata ile ya kabureta ambayo haikuhitaji. Akamweleza Mama kwamba yeye moyo wake ulikuwa unamwambia hivyo tangu mwanzo.

Mtu mzima, mwenye maduka mawili na ndevu, unamwongoza kwa neno moja kama mbuzi kwa kamba. Niliingia chumbani nikacheka kwenye mto.

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu mwenyewe,

Marahaba, marahaba mara kumi. Sijambo, isipokuwa mbavu. Barua yako niliisoma hapa karakanani wakati wa chai, mafundi wote wakisikiliza, na mmoja ilibidi atoke nje akapumue. Sasa kila anayeleta jokofu bovu na kujifanya anajua ugonjwa wake tunamwita Bingwa. "Bingwa, keti hapo." Shemeji amekuwa maarufu mji mzima na hajui.

Damu yangu wewe. Niandikie akishapaisha.

Mjomba

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilikuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, wewe ukalinywea chai na karakana nzima. Tuliache hilo.

Ndege ilipaa. Antena ya rimoti mikononi mwa Baba ilikuwa inachora hewani, lakini ndege ilipaa, ikazunguka uwanja, ikatua kwa kurukaruka kama chura na haikuvunjika kitu. Wakampa uanachama. Tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika. Dukani, uwanjani, kwa kinyozi, Baba anawahubiria watu: kijitabu kimeandika, bingwa hutambulika kwa injini ndogo. Anayasema kidole kikiwa juu.

Mimi niliendelea kucheka. Ila kuna mtu alimwamini kweli. Kapteni hakuweza kuvumilia kuona muuza magodoro anaitwa bingwa, kwa hiyo akang'oa tisini kwenye ndege yake ya kivita, ile nzito kama sanduku la vitabu, akafunga arobaini. Daktari mzima, amesoma miaka na miaka, na hakufikiria hata kuipima. Jumamosi ndege yake ilikimbia uwanja wote bila kunyanyua gurudumu, ikaenda kuikumbatia nguzo ya uzio. Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Aliokota vipande akivitia kwenye mfuko wa takataka.

Kisha akaja kwa Baba, watu wamesimama duara. Akasema Baba amwonyeshe huo ukurasa. Yeye lugha ile anaisoma vizuri. Kama maneno yapo, atawalaumu waandishi. Kama hayapo, klabu haina nafasi ya mwongo. Mwingine, aliyeambiwa na Baba kwamba namsomea mikono yake ikiwa na gundi, akatoa njia: labda binti alikosea kusoma, watoto hawa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika bawa, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Baba angeweza kuikubali njia ile. Angeniangushia mimi, na wote wangecheka, na ingekwisha. Akasema, "Mimi lugha hiyo siijui. Mwanangu ndiye ananisomea. Na mwanangu hajawahi kunidanganya."

Mjomba, tangu ajiunge na klabu alikuwa anawaficha kwamba haijui. Alikuwa anatembea na kijitabu mkononi, anakifungua mbele yao, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namdharau sana kwa hilo. Akalitoa mbele ya wote bila hata kushusha sauti, kama mtu anayetaja saizi ya godoro.

Nimejaribu kumdharau kwa maneno yale pia. Nimekaa siku kadhaa natafuta pa kuanzia. Nawe nikikufikiria umeshika kikombe unasoma barua yangu kwa sauti, napata pa kuanzia haraka sana.

Kapteni anakuja leo jioni kukiona kijitabu. Nimepanga nimwambie Baba kwanza, akirudi dukani, tukiwa wawili tu, ili ajue kabla ya mtu mwingine yeyote na aamue mwenyewe la kusema. Ule uongo niliusoma bila kukwama. Huu ukweli nimeuandika mara tatu nyuma ya karatasi hii na kila mara naufuta. "Baba, ule ukurasa." Hapo ndipo nafika.

Mlango wa mbele umefunguka. Amewahi. Naiingiza barua hii chini ya bawa la ndege hapa mezani, nitaimalizia nikishamwambia. Hatua za Baba nazijua, anaburuta kisigino cha kushoto. Lakini kuna viatu vingine nyuma yake, vya soli ngumu, navyo vinakuja moja kwa moja chumbani kw