Kumfuta Mama Brenda

Huruma, Eldoret
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Wahome,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na Mama goti limempa nafuu, jana alitembea mwenyewe mpaka sokoni na akarudi akijisifu. Wewe je, Doha inakuweka vipi? Najua kazini simu mnaziacha getini, ndiyo maana nakuandikia barua pepe, usome ukitulia siku ya Ijumaa.

Kaka, nataka ushauri juu ya studio. Ile programu ya bure uliyonifundisha bado natumia na sina neno nayo. Inakata vizuri, na rangi zake watu wanazipenda. Lakini wateja wa siku hizi wameona mengi. Wiki jana bwana harusi wa Ainabkoi alitaka nimtolee nguzo ya stima iliyosimama katikati ya picha ya droni. Kifaa cha kutoa vitu kiko kwenye toleo la kulipia tu. Wanakuruhusu kukionja, lakini wanapiga alama yao kubwa juu ya picha nzima, kama muhuri wa nyama ya bucha.

Zinazolipiwa nimeona mbili. Moja ni ya kila mwezi, na mwezi ukikosa, kazi zako zinabaki zimefungiwa ndani. Ya pili, ambayo ni ndugu ya hii yetu ya bure, unalipa mara moja tu, ila hiyo mara moja ni kodi ya studio ya miezi mitatu. Tyson wa duka la kompyuta alisema ataniwekea ya kuvunjwa kufuli. Nikamkatalia. Wewe ndiye uliniambia programu ya wizi huja na wezi wake.

Sasa niambie, nijikaze ninunue ama ningoje? Jumamosi ijayo nina kazi kubwa Kapseret, mazishi ya mzee mmoja mwenye shamba karibu na uwanja wa ndege. Mwanawe mkubwa, anaitwa Nicholas, ndiye ameniita. Nikifanya vizuri pale, wengi watanijua.

Dada yako,
Njambi

*

Doha
Ijumaa, 14 Februari 2025

Dada yangu Njambi,

Nimefurahi kusikia Mama ametembea. Mimi niko salama, joto bado halijaanza kutuchoma. Mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli sana.

Kuhusu programu: ngoja. Usinunue jembe jipya kwa sababu ya jiwe moja. Hiyo nguzo unaweza kuitoa kwa programu za bure, ila kwa mkono. Unachukua anga ya pembeni, unapaka juu ya nguzo, fremu moja, halafu inayofuata. Sekunde moja ni picha ishirini na tano, kwa hivyo utachoka, lakini utajifunza zaidi ya yule anayebonyeza kitufe. Siku kazi zenyewe zitakuwa zinadai hicho kifaa kila wiki, nunua ile ya kulipa mara moja. Ya kila mwezi achana nayo, mwezi mbaya haukosi.

Pale Kapseret kumbuka betri mbili, na usiizime kamera hata kidogo. Watu wa mazishi hawarudii.

Kaka yako,
Wahome

*

Huruma
Jumapili, 2 Machi 2025

Kaka Wahome,

Natumai u mzima. Sisi tu wazima wa mwili. Naomba usome hii barua mpaka mwisho kabla hujajibu.

Mazishi yalienda vizuri. Yule mzee alikuwa na nyumba mbili. Mke wa kwanza ni mama yake Nicholas. Wa pili anaitwa Mama Brenda, na ndiye aliyeishi na mzee pale shambani miaka kumi na mmoja, akikamua ng'ombe na kumpeleka kliniki. Ana watoto wawili, Brenda wa miaka tisa na mdogo wake. Wakati wa kuweka udongo, Mama Brenda alisogea na watoto wake kaburini, upande wa kushoto, mbele ya watu wote. Kamera yangu ilikuwa pale pale.

Alhamisi Nicholas akaja studio. Akaketi, akasifu kazi, kisha akasema, "Huyu mama wa kushoto mtoe. Na hao watoto wake."

Nikafikiri anataka nikate kile kipande tu.

"Hapana, usikate. Mama yangu anaweka udongo hapo hapo. Nataka yeye awe hayuko. Na ukimaliza, ile ya kwanza ufute."

Wahome, sikuwa na ujasiri wa kumwambia hapana. Nikajificha nyuma ya kompyuta. Nikamwambia programu yangu ni ya bure, haiwezi kutoa mtu, labda wale wakubwa wa Nairobi wenye za kulipia.

Akacheka. "Si ungesema mapema? Tununue."

Akavuta laptopu, akaweka namba za kadi yake, leseni ikaingia kwenye barua pepe yake, akaiandika mwenyewe kwenye mashine yangu. Ile ya kulipa mara moja, niliyokuwa nikiiota. Akasimama. "Hiyo ni zawadi. Itakuwa yako daima. Ijumaa tarehe saba nakuja kuchukua video."

Kesho yake Mama Brenda akaja mwenyewe, amemshika Brenda mkono. Ameambiwa ahame ile nyumba, eti yeye alikuwa mfanyakazi tu wa mzee. Hawakufunga harusi ya kanisani na hana cheti chochote. Wakili wake amemwambia atafute video ya mazishi, ionekane alisimama wapi. "Binti yangu, nisaidie na hiyo video," akaniambia. Nikamjibu haijakamilika. Akanishukuru, Wahome. Alinishukuru!

Na kuna hili, ambalo sijamwambia hata Mama. Walipoondoka nilifunga mlango nikajaribu. Nilitaka kuona tu. Dakika nne. Mama Brenda alitoka kama doa la chai. Nyasi zikajaa mahali aliposimama. Mkono wa Brenda ulibaki, umeshika hewa, nikautoa nao. Hakuna mtu angejua. Hata mimi niliyepiga ile picha nilianza kusahau kwamba palikuwa na mtu.

Sijaihifadhi. Lakini sijalala. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Njambi

*

Doha
Jumanne, 4 Machi 2025

Njambi,

Nimeomba ruhusa niandike leo, sikuweza kungoja Ijumaa. Natumai hii inakupata salama.

Fanya anavyotaka. Mpe video yake, futa ile nyingine, funga hiyo kazi. Najua utanikasirikia, lakini mimi ni mkubwa kwako na kuna vitu naviona.

Mambo ya shamba la watu si yetu. Unakumbuka ule mwaka wa fujo za uchaguzi, wenyeji walipotufukuza, tukalala kwenye uwanja wa kanisa? Ulikuwa na miaka saba, labda unakumbuka uji tu. Mimi nakumbuka Mama akihesabu watoto wake gizani kwa kutushika vichwa. Tangu siku hiyo tumeishi vizuri na kila mtu kwa sababu hatujiingizi. Huyo mama ana wakili, ana watu wake. Wewe una Mama mwenye goti na mlango wa mbao.

Nani atakulinda wakikukasirikia? Mimi niko huku nalinda jengo la mtu nisiyemjua.

Tafadhali, Njambi.

Kaka yako,
Wahome

*

Doha
Ijumaa, 21 Machi 2025

Dada yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Ni wiki mbili na zaidi sijapata neno lako. Simu yako haipatikani, ya Mama pia imezimwa. Labda umeme. Labda umenikasirikia. Ukinikasirikia sawa, lakini niambie.

Ijumaa ya tarehe saba ilipitaje?

Kaka yako,
Wahome

*

Doha
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Njambi,

Sina salamu leo. Nimempata Kabiru fundi cherehani, yule wa mlango wa tatu kutoka studio. Anasema mlango wa studio yenu ulivunjwa Jumapili ya tarehe tisa Machi mkiwa kanisani, kompyuta ikachukuliwa, na tangu siku hiyo hajawaona, wewe wala Mama. Nikamuuliza, mko hai? Akasema, "Nadhani."

Silali. Nasimama getini naona magari na sijui yanaingia ama yanatoka.

Yale niliyokuandikia ile Jumanne, yasahau. Sikuyaandika kwa sababu ni haki, niliyaandika kwa sababu naogopa na niko mbali. Neno moja tu. Andika hata "tupo".

Wahome

*

Huruma
Jumapili, 29 Juni 2025

Kwa kaka yangu Wahome,

Tupo. Mama ni mzima na anakusalimu, amekasirika kwamba umekonda kwenye ile picha uliyomtumia shangazi. Nisamehe kwa kukuacha gizani muda wote huu. Wakili wa Mama Brenda alituambia tuzime simu na tusimwandikie mtu yeyote tuko wapi. Tulikuwa kwa shangazi, Nakuru, naye tulimwomba asikuambie. Lakini nisikudanganye, hata bila wakili nisingekuandikia. Nilikuwa na hasira na wewe. Wewe uliogopa tu, na hata mimi niliogopa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimebakisha kidogo sana kufanya lile jambo, na nilikuandikia ili mtu mmoja duniani aniambie usifanye.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ile Ijumaa asubuhi nilitoa kadi ya kamera, yenye mazishi yote kama yalivyonaswa, nikampelekea wakili wa Mama Brenda mkononi. Jioni Nicholas akaja. Nikamwambia, "Sijafanya."

"Kwani programu imekataa?"

"Haijakataa. Inaweza vizuri sana. Ni mimi sitaki."

Hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu, "Unajua unaishi wapi?" Akaenda. Jumapili mlango ukavunjwa. Nani alivunja sijui, polisi pia hawajui, na sitasema nisichokiona. Usiku huo tukapanda gari la Nakuru.

Jumatano iliyopita niliitwa mahakamani. Nilivaa ile suti ya Mama ya buluu. Wakili wa Nicholas alikuwa na sauti ya upole.

"Wewe una programu inayoweza kumtoa mtu kwenye picha?"

"Nilikuwa nayo."

"Na fundi mzuri anaweza kumweka mtu ambaye hakuwepo?"

Nikatazama chini. Niliapa kusema kweli. "Akiwa na ujuzi na muda, anaweza."

Watu wakaguna. Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, shahidi mwenyewe amesema. Huyu mama aliwekwa." Nilimwona Mama Brenda akifumba macho. Nikafikiri, hiki kifaa nilichokitamani mwaka mzima ndicho kitamwangusha.

Hakimu akaniuliza, "Hiyo programu ulinunua lini?"

"Mimi sikuinunua, Mheshimiwa. Ilinunuliwa siku kumi na mbili baada ya mazishi."

"Nani aliinunua?"

Sikunyoosha kidole. Nilisema tu jina lake.

Hakimu akaagiza kadi ya kamera iwekwe, bila kukatwa, na sauti ifunguliwe. Saa nzima tukatazama. Watu wanakula, watu wanaimba, jeneza linashuka. Kisha kaburini Mama Brenda anaonekana nyuma kabisa, amejibanza kwenye ua, anaogopa kusogea. Na sauti ya mwanamume inasikika karibu na kamera, imepasuka kwa kilio: "Mama Brenda, kujeni. Kujeni na watoto. Mzee anawangoja." Kamera ikageuka kutafuta ni nani. Alikuwa Nicholas. Yeye mwenyewe ndiye aliyempisha mahali, akamwekea Brenda udongo mkononi.

Nilikuwa pale na nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nikiangalia mwanga.

Nicholas aliinama, akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nilikuwa nimekuja nikimchukia. Siku ya mazishi alikuwa mtu mwema, na hakuna programu iliyombadilisha, ni lile shamba.

Hakimu amesema Mama Brenda na watoto wasihamishwe mpaka kesi ya urithi iishe. Haijaisha, itachukua miaka. Huko nje waliokuja kunishika mkono ni majirani wa Kapseret, wazee wa huko huko. Mmoja aliniambia, "Binti wa Wahome" — walisikia nikikutaja, wakadhani ni jina la baba — "rudi nyumbani kwako, Huruma." Tukarudi.

Nimeanza upya na kompyuta ya mitumba. Ile leseni nilimwandikia Nicholas aichukue, hajajibu. Nimeweka ya bure. Haitoi nguzo, haitoi watu, na kwa sasa inanitosha. Nikinunua ile nyingine siku moja, nitanunua kwa kazi yangu, na hata hiyo nitajua kwamba kukataa si kazi yake, ni yangu.

Dada yako,
Njambi

*

Doha
Ijumaa, 4 Julai 2025

Dada yangu mpendwa Njambi,

Nilipoona jina lako kwenye simu niliketi chini pale pale kwenye ngazi. Mkubwa wangu alifikiri nimepata msiba. Nikamwambia la, nimepata dada.

Nimesoma mara nne. Hasira yako ni halali na sitaijibu. Nilikwambia mimi ni mkubwa kwako na kuna vitu naviona. Kumbe nilichokuwa nikiona ni ule uwanja wa kanisa tu. Miaka yote hii mimi nilibaki pale, wewe ndiye uliyetoka.

Mkataba wangu unaisha Novemba na nimewaambia sitaandika mwingine. Kama bado una nafasi, nitakuja tufanye kazi pamoja. Kiti cha mbele kibaki chako. Mimi nitashika kamera, na tukifika mezani, utaniambia wapi nikate na wapi nisiguse.

Msalimie Mama. Mwambie nakula, na safari hii ni kweli.

Kaka yako,
Wahome